Riwaya za mapenzi na za zamani za kumsomea nyanya usiku: nianzie wapi?

Mjukuu wa Kibokoni

Assalamu alaikum wasomaji wenzangu. Nina haja ya ushauri wenu, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu nimeona kwamba anayeomba kwa ufupi tu apendekezewe riwaya nzuri huletewa orodha ndefu isiyomfaa hata kidogo yule anayetafutiwa.

Ninayemtafutia ni nyanya yangu, mwenye umri wa miaka 84, ambaye alikuwa msomaji tangu usichana wake hadi mtoto wa jicho alipomzuia. Jicho moja limekwisha kupasuliwa, la pili linangoja zamu yake, na kwa sasa herufi zinamchezea. Kwa hiyo kila usiku, baada ya sala ya Isha na kikombe chake cha chai ya tangawizi, mimi hukaa miguuni pa kitanda chake nikamsomea kwa nusu saa hivi, na pengine saa nzima ikiwa hadithi imemkamata. Kitabu yeye hukiita chuo, kama walivyosema wazee wa Mvita, na akitaka nirudie mahali husema, "Rejea hapo, mwanangu." Nimejifunza kusoma polepole kwa ajili ya neno hilo.

Anachokitaka amenieleza waziwazi. Anataka hadithi ya watu wa zamani, yenye mapenzi ya kweli baina ya mume na mke au baina ya wawili wanaotaka kuoana, iliyoandikwa kwa Kiswahili chenye ladha, na ambayo mwisho wake utamwacha alale. Hasemi kwamba isiwe na majonzi. Amezika waume wawili, na hadithi isiyo na dhiki yoyote huiona ya uongo. Anachokikataa ni mwandishi anayemfanya ampende mtu kwa kurasa mia, kisha akamtupa mtu huyo jaani.

Makosa nimekwisha kuyafanya. Nilianza na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, kwa sababu naipenda mno mimi mwenyewe, lakini tulipofika pale Maksuudi anapomwacha mkewe Tamima nyanya aliinua mkono. "Funga chuo hicho, mwanangu. Sitaki kulala na kilio cha watu kichwani." Nikafikiria Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ambayo lugha yake ingemkosha, lakini ile ni hadithi ya mapenzi yanayosalitiwa, nami sikuthubutu.

Jambo la pili ni upatikanaji. Nilikwenda katika duka moja la vitabu hapa mjini nikauliza riwaya za zamani za Kiswahili, na kijana aliyekuwapo akaniambia kwamba kitabu kisichotahiniwa shuleni hawakiagizi. Niliondoka na uchungu ambao bado ninao. Naomba basi mnitajie vitabu ambavyo ninyi wenyewe mmevisoma hadi mwisho, na mniambie kwa uaminifu vinaishaje.

---

Mwalimu Mstaafu, Likoni

Waalaikumu ssalaam, mwanangu, na Mungu ampe nyanya yako uoni mwema. Swali lako limenigusa, kwa sababu marehemu mke wangu nami tulisomeana kwa miaka mingi, na kitabu nitakachokutajia ndicho tulichokirudia mara tatu.

Kitafute kitabu cha Aniceti Kitereza kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alizaliwa mwaka 1896 na alikuwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria. Riwaya hii aliiandika kwanza kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, na kwa kuwa hakupata wa kuichapisha katika lugha hiyo, aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili katika uzee wake. Ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kumalizika, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Kila nikikishika kitabu hiki huikumbuka subira hiyo.

Hadithi yenyewe ni ya mume na mke wanaopendana na ambao hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno, wazazi wa mke wanaona binti yao anadhalilishwa, wanakuja kumchukua na kumrudisha kwao. Katika vitabu vingi tulivyovizoea, mume angeoa mke mwingine na hadithi ikageuka kuwa ya machozi. Myombekere hafanyi hivyo. Anabaki katika nyumba isiyo na mwenyewe, anaona jinsi moto wa jikoni unavyokosa wa kuuwasha, kisha anafunga safari kwenda ukweni kumrejesha mkewe kwa adabu. Wakwe hawamfukuzi, lakini wanamtoza faini ya pombe ya ndizi, naye inambidi arudi kwake akaitengeneze. Hapo mwandishi hana haraka hata kidogo. Anakueleza kazi hiyo hatua kwa hatua, nani alikuja kusaidia, nani alibeba nini, na walisalimianaje njiani. Mtu wa haraka atasema mambo haya yanaichelewesha hadithi. Kwangu mimi ndimo mapenzi yalimo, kwa maana kila tone la jasho lake ni neno analomwambia Bugonoka bila ya kulitamka.

Nawe uliomba uambiwe mwisho. Wanapata tiba kwa mganga, wanajaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali, na hadithi inaendelea hadi watoto hao wanapokuwa watu wazima. Misiba imo, maradhi yamo, vifo vimo, kama katika nyumba yoyote. Lakini mwandishi hawatupi watu wake.

Nikuonye mambo mawili. La kwanza ni kwamba hawa ni watu wa bara, wa kabla ya wakoloni, na mna matambiko, dawa za miti na ulevi wa sherehe. Mtayarishe nyanya kwa kumwambia mapema kwamba anaingia katika nyumba ya watu wenye dini na desturi zao, naye kwa umri wake atawastahi. La pili ni lugha, ambayo haina madoido ya pwani. Sentensi zake ni za mtu anayesimulia akiwa ameketi, hazina mafumbo ya kishairi, na usiku wa kwanza huenda nyanya akaona zimepoa. Mpe usiku tatu. Na majina yaandike katika karatasi pamoja na udugu wao, uyataje kila mnapoanza, kwa sababu msikilizaji hawezi kufunua kurasa nyuma kama msomaji.

Chapa ninayoimiliki ni ile ya zamani ya juzuu mbili. Siiuzi, lakini kuazima nitakuazima.

---

Msomaji wa Tudor

Dada yangu wa Kibokoni, mimi nitasimama upande wa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, ambayo baadhi ya watu wameijua kupitia filamu iliyotengenezwa kwayo mwaka 2021. Naomba usichukue filamu badala ya kitabu.

Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu aliyemzidi umri mara kadhaa, naye anamkimbia na kupata hifadhi katika mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma, mwanamke Mswahili asiye na mali ila moyo mpana. Huko anakutana na Denge, kijana aliyejitosa katika harakati dhidi ya utawala wa Waingereza, na mapenzi yanaanza katikati ya woga wa askari. Haya yote ni ya miaka ya hamsini, na hapo ndipo ninapotaka kukusisitizia jambo. Kwa mimi na wewe miaka hiyo ni historia, lakini kwa nyanya yako wa miaka 84 ni usichana wake. Anajua gauni lilishonwa vipi, anajua ngoma ilisikikaje kutoka nyumba ya pili, na ninavyodhani atakuwa na mengi ya kukueleza kuliko kitabu chenyewe. Riwaya ya zamani inayomfungua mzee kinywa ina thamani mara mbili, kwa sababu usiku huohuo unapata hadithi mbili kwa pamoja.

Kuhusu mwisho, sitakudanganya: mapenzi ya Yasmin na Denge hayaendi kama msomaji anavyotamani. Lakini Yasmin hatupwi jaani. Anatoka katika kitabu akiwa mtu aliyejichagulia maisha, na mimi nilikifunga nikiwa na huzuni tamu ambayo sikuwa na haja ya kuiondoa.

---

Mwenye Vitabu Vikuukuu, Marikiti

Namheshimu ndugu wa Tudor, na riwaya hiyo ni miongoni mwa zilizo bora kabisa katika lugha yetu, lakini sikubaliani naye kuhusu kumsomea nyanya kwa sauti. Mna mandhari za ulevi, za ngoma za usiku na za chumbani ambazo msichana atajikuta anaziruka mbele ya bibi yake, na msikilizaji mzoefu hujua mara moja kwamba kurasa zimerukwa. Kitabu cha kusoma peke yako na kitabu cha kusomewa watu si kitu kimoja.

Mpeleke kwa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka mwaka 1960, na baada yake vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa na Kosa la Bwana Msa. Hizi ni hadithi za upelelezi, ndiyo, na katika cha kwanza mna mtu aliyeuawa, lakini hazina damu ya kutisha. Bwana Msa anakaa, anajaza kiko chake, anamsikiliza kila mtu pamoja na rafiki yake Najum, na fumbo linafumbuliwa kwa akili na kwa kuijua tabia ya binadamu. Siri nyingi anazozifichua ni za nyumbani: nani ni mtoto wa nani, nani alioa kwa siri, urithi ulikwenda wapi. Kiswahili chake ni cha Unguja wa kale, mazungumzo yanatiririka, na kila sura inaishia mahali panapomfanya msikilizaji aulize, "Ehe, kisha?" Mwishoni mambo hurudi mahali pake, na huko kurudi mahali pake ndiko kunakomlaza mtu usingizi.

Kuhusu upatikanaji, usiende kwenye maduka ya vitabu vya shule tu. Waulize wanaouza vitabu vilivyotumika, waachie namba yako na jina la kitabu, na usichoke kurudi. Vitabu hivi vimo majumbani mwa watu, katika masanduku, na hutoka mtu anapohama au anapofariki. Mimi mwenyewe nimewahi kumpata Duniani Kuna Watu akiwa amefungiwa ndani ya gunia la magazeti, jalada limeliwa na mende na kurasa zote zimo.

---

Binti Mwandishi, Nyali

Napenda kuongeza jambo moja kuhusu Abdulrazak Gurnah, kwa kuwa tangu alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 watu wengi humtaja kwanza kila inapoulizwa riwaya ya kihistoria ya pwani. Peponi, yaani riwaya yake Paradise kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, ni kazi ya kupendeza sana kwa Kiswahili chake, na bustani ya mfanyabiashara Bwana Aziz utainusa. Lakini ni hadithi ya Yusuf, mtoto wa miaka 12 anayetolewa na baba yake kwa ajili ya deni, na mwisho wake haumlazi mtu. Uisome wewe, dada, mchana.

Iko nyingine yake ya mwaka 2005, Desertion, ambayo inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani yetu hii ya Kenya. Mwenye duka, Hassanali, anatoka alfajiri kwenda msikitini na kumwona Mzungu akitokea gizani, hoi, karibu ya kufa. Wanamwingiza nyumbani, wanamuuguza, na baadaye yule Mzungu anapendana na Rehana, dada yake Hassanali. Niliisoma kwa Kiingereza nikawa namfasiria shangazi yangu papo kwa papo, na sura zile za mwanzo zilimfurahisha mno, kwa sababu alizitambua salamu, aibu ya kuwa na mgeni ndani, na wasiwasi wa majirani. Hata hivyo jina lenyewe la kitabu ni la kuachwa, na watu wanaachwa kweli. Shangazi aliudhika kwa wiki nzima.

Kwa nyanya yako mimi ningemchanganyia. Baada ya riwaya moja ndefu, mpe Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, wa mwaka 1958. Si riwaya, lakini husomeka kama riwaya: mwana wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, akaja kuimba mpaka akapelekwa Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika santuri. Siti alifariki mwaka 1950, kwa hiyo nyanya alikuwa mtoto, na huenda sauti hiyo ilikuwamo nyumbani kwao. Na akitaka mtu mwema anayepata mema, Shaaban Robert huyohuyo ana Utubora Mkulima, kuhusu mtu aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima. Kitabu hicho ni kitulivu kama kivuli cha mwembe saa nane mchana.

---

Msomaji wa Tudor

Mwenye Vitabu amenisahihisha kwa haki kuhusu kusoma kwa sauti. Sikulifikiria hilo, kwa sababu mimi husoma peke yangu. Nitaongeza Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambayo kijana wake anatoka Tanga akimtafuta baba yake hadi Kitale, anapitia dhiki nyingi, na mwisho anampata baba, na mapenzi yake na Vumilia yanakwenda salama. Haiitwi ya kihistoria, lakini ina staha, na hiyo dukani hutaikosa. Nyanya pia atafurahi kusikia kwamba kijana huyo anaitwa Msanifu Kombo, jina lililo pia katika barabara yetu hapa Mombasa.

---

Mwalimu Mstaafu, Likoni

Nakubali kuhusu Siku Njema. Nimeifundisha, na wanafunzi waliolia mwanzoni walicheka mwishoni. Nina ombi moja tu kwa wanaokuja baada yangu: msimtajie Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela kwa sababu tu ni ya zamani na ni ya hapa kwetu. Ile ya mwaka 1934 ni hazina, na inatufikisha Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru hapa Mombasa, mahali palipotupa jina la Kengeleni, lakini safari ya kufika huko ni ya minyororo. Kila Mmombasa aisome, ila asiisome kitandani kwa mgonjwa.

---

Mjukuu wa Kibokoni

Nimerudi baada ya wiki tatu kuwapa habari, kwa kuwa mlinipa muda wenu na si haki ninyamaze.

Nilibahatika kumpata Mzimu wa Watu wa Kale kwa mtu anayeuza vitabu vilivyotumika, kwa njia ileile niliyoelekezwa, ya kuacha namba na kurudi. Tulikimaliza kwa usiku tisa. Nyanya alimshika mkosaji kabla ya Bwana Msa, au ndivyo alivyodai, na kila kiko kilipojazwa alinikumbusha kwamba marehemu baba yake pia hakusema jambo la maana kabla ya kuwasha chake. Habari hiyo ya babu yake mama sikuwahi kuisikia kabla.

Kisha nilivuka kwenda Likoni kwa mwalimu, na nimemwanza Myombekere. Nilimweleza nyanya kama nilivyoagizwa, kwamba tunaingia katika nyumba ya watu wenye desturi zao. Usiku wa kwanza alisema lugha hii haina chumvi. Usiku wa pili alinyamaza. Usiku wa tatu tulifika pale Bugonoka amekwisha kuchukuliwa na wazazi wake, na mumewe yuko peke yake nyumbani, na mimi nikadhani nyanya amelala, nikapunguza sauti ili nifunge. Macho yalikuwa yamefumbwa kweli, lakini mkono ulitoka ndani ya shuka ukanishika kiganja.

"Rejea hapo, mwanangu. Yuataka kwenda kumtwaa mkewe?"

Nikamwambia ndiyo, anataka kwenda kumchukua.

"Basi soma. Na usinifupishie."

Tulisoma hadi saa tano na dakika za juu. Pombe ya ndizi ilichukua usiku mbili nzima, kwa sababu alitaka ajue kila aliyesaidia na kama alilipwa. Aliniuliza pia ndugu wa mume walimtazamaje Bugonoka aliporudi, kwa maana alisema mke aliyerudishwa hupimwa kwa chakula cha kwanza anachokipika. Maoni hayo hayamo kitabuni, nami nimeyaandika kwa penseli katika karatasi ya majina, chini ya jina la Bugonoka.

Wasifu wa Siti nimeuweka tayari kwa baadaye. Siku Njema nimeinunua, na kama ilivyosemwa, ilikuwa pale pale mbele ya rafu. Vuta N'kuvute naisoma mimi mwenyewe, mchana, na Mwenye Vitabu alisema kweli: ziko kurasa ambazo nisingeweza kuzitamka mbele yake.

Mwalimu, juzuu ya kwanza imebakiwa na kurasa kama arobaini, na kwa mwendo wetu zitakwisha Alhamisi au Ijumaa. Nyanya ameniambia nisingoje ziishe ndipo nifuate ya pili, kwa kuwa hataki kulala usiku mmoja bila ya kujua mtoto yule alipewa jina gani. Ukiniruhusu, nitapanda feri ya Alhamisi asubuhi, na amenituma nikuletee halwa.